ASIYE NA MLANGO WAKE

Kijana wa Samuye, Yesu anakupenda! Vyoo vya stendi vina milango miwili: WANAUME, WANAWAKE. Je, yule ambaye watu hawamwelewi ni wa wapi, aingie upande gani? Vijana wanamzomea, wengine wanampiga. Wapo watu hao! Sensa ya Kenya mwaka 2019 ilihesabu 1,524 wenye jinsia mbili.

Biblia inasemaje? Sheria ya Musa ilimfungia mlango towashi, yaani mwanaume aliyehasiwa (Kumb. 23:1). Lakini Filipo hakumzomea towashi wa Ethiopia. Alimhubiri Yesu, akambatiza (Mdo. 8:26-39).

Unayezomea, acha: hata wewe bado uko nje! Unayezomewa, njoo. Yesu ndiye mlango (Yoh. 10:9). Ingia leo!