Mpishi wa Pili: Chakula Rahisi na cha Bei Nafuu kwa Anayeanza Kupika, Mbeya na Iringa

Tangu zamani mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma huitwa ghala la chakula la Taifa. Mahindi na maharage yanatoka huku, pamoja na viazi vya Uporoto, ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela na Mbarali, nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchini kwa udumavu: asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao ulivyotaka. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30.

Ghala limejaa na mtoto amedumaa. Sababu ni nyingi, zikiwemo maradhi, maji yasiyo salama na mimba za mapema. Kijitabu hiki kinashika moja tu, ile iliyo jikoni. Katika nyumba nyingi mpishi ni mmoja, na huyo huyo ndiye mkulima, mchota maji na mlezi. Msimu wa kupalilia anatoka alfajiri na kurudi jioni, na moto hauwaki mpaka arudi. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ilianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Iringa, wakati Njombe bado ikiwa ndani ya mkoa huo. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wanakijiji wakajadili majibu wenyewe. Jambo mojawapo lililopewa uzito lilikuwa hili: mtoto anakula mara ngapi kwa siku? Bado ni swali zuri, na jibu lake linategemea nani mwingine hapo nyumbani anajua kupika.

Basi haya yameandikwa kwa huyo mwingine: baba ambaye hajawahi kushika mwiko, kijana aliyemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba Iyunga au Mkwawa na anaishi kwa chipsi mayai. Hakuna pishi la sherehe humu.

Sokoni

Nunua kilicho katika msimu, na uulize kabla ya kutoa hela. Swali la kwanza ni la maharage.

"Shikamoo mama. Haya maharage ni ya msimu huu?"

"Marahaba mwanangu. Hayo mapya. Yale ya pembeni ni ya mwaka jana, ndiyo maana nayauza rahisi."

Chukua mapya, hata kama bei imezidi kidogo. Maharage yaliyokaa sana yanagoma kuiva, na kile ulichookoa sokoni kinaishia kwenye mkaa. Pale Uyole, nje kidogo ya Mbeya mjini, kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho kimetoa mbegu kadhaa za maharage, kama Uyole 96 na Njano Uyole. Mengi ya manjano huiva upesi, ndiyo maana wapishi wengi huyapenda.

Mahindi na karanga vikague kwa macho na pua. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi huenda ina sumukuvu, ambayo haifi kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Usimpe kuku, usichanganye na nzima ili zisionekane. Tupa.

Maharage yanaanza usiku

Mbeya mjini iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko juu maji huchemka mapema: kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, badala ya 100 za pwani. Iringa ni kama 95. Yanatokota vizuri kabisa machoni, lakini joto lake ni dogo kuliko la sufuria la Dar es Salaam, na ndiyo maana maharage ya huku yanachukua muda mrefu zaidi. Usijione hujui kupika.

Dawa yake ni kuloweka. Usiku, kabla ya kulala, mwaga maharage kwenye sinia, toa mawe na yaliyotobolewa na wadudu, osha, kisha yafunike kwa maji mara tatu ya wingi wake. Vikombe viwili vikavu vinatosha watu watano hivi. Asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, bandika. Kuloweka kunapunguza mkaa au gesi, na pia kunapunguza ule ujazo wa tumbo ambao watu wengi wanausingizia ili wasile maharage. Kwa yale mekundu makubwa kuna tahadhari moja: yana sumu ya asili inayoisha tu yakitokota kwa nguvu. Yaache yatokote hivyo nusu saa nzima, ndipo upunguze moto. Maharage yaliyoiva nusu yanatapisha.

Usiweke nyanya wala ndimu kabla hayajaiva. Uchachu unayafanya yabaki magumu. Ili kujua yameiva, toa punje tatu kutoka sehemu tofauti za sufuria, zibonyeze kwa kidole gumba. Zote tatu zisagike, bila kiini kigumu katikati. Moja ikigoma, endelea.

Sasa tafuta sufuria la pili. Mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula, kitunguu kimoja kilichokatwa, kaanga kilainike bila kuungua. Nyanya mbili au tatu, karoti ukiwa nayo. Acha nyanya zilainike mpaka mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapa ndipo wengi wanaoanza wanakosa subira, wanamwaga maharage nyanya ikiwa bado mbichi, kisha wanashangaa mchuzi una uchachu. Mimina maharage na supu yake, ponda kidogo kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi uwe mzito, acha yachemke dakika kumi. Chumvi mwisho.

Chumvi iwe yenye madini joto, maana Nyanda za Juu Kusini zilikuwa kati ya sehemu zilizosumbuliwa sana na tezi la shingo kabla chumvi haijaanza kuwekwa madini hayo. Yanapotea kwa moto na jua. Ndiyo sababu ya kuiweka mwishoni, na ya kuitunza kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko.

Ugali, na ubishi wa dona

Sembe ni nyeupe na laini, na kuna wanaoona ni aibu kumwekea mgeni dona. Ubishi huo uache mezani, lakini ujue kilichobaki mashineni: kukoboa mahindi kunaondoa ganda na kiini, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, madini chuma, zinki na mafuta ya mahindi. Unaacha chakula kwa pumba, halafu unakwenda kununua virutubishi dukani. Kasoro ya dona ni kwamba unga wake unachacha mapema, kwa sababu bado una mafuta. Saga kidogo kidogo, wa wiki mbili.

Kwa watu wawili chemsha vikombe vitatu vya maji. Kabla hayajachemka, koroga vijiko vitatu vya unga kwenye maji baridi kidogo, mimina humo, koroga mpaka uwe uji mwepesi unaotokota. Uache utokote dakika tano. Ugali unaonuka unga ni ule ulioruka hatua hii. Ongeza unga kwa mafungu, jumla vikombe viwili hivi, huku ukisonga kwa kukandamiza kwenye ukuta wa sufuria, siyo kwa kuzungusha tu. Ukiona bonge jeupe, lipasue hapo hapo. Funika, punguza moto, acha ujipike dakika tano, songa mara ya mwisho, pakua.

Mboga dakika tano

Chainizi, figiri, mchicha, mnafu, majani ya maboga: fungu la mboga ni kati ya vitu rahisi kabisa sokoni, na ndilo linaloharibiwa zaidi jikoni. Osha kabla ya kukata, siyo baada, maana ukishakata virutubishi vinakwenda na maji. Usichemshe na kumwaga maji. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, geuza, funika dakika tatu hadi tano, epua ikiwa bado kijani.

Majani ya maboga yana kazi yake. Vunja kikonyo karibu na jani bila kukikata kabisa, kisha vuta kuelekea jani: utaona uzi mwembamba mgumu ukiambaa na mishipa. Fanya hivyo pande zote. Asiyeondoa nyuzi atakula mboga inayokwaruza koo, na watoto wataikataa kwa haki. Yakishaiva tia karanga zilizotwangwa, nusu kikombe iliyokorogwa na maji kidogo, uache zichemke dakika kumi kwa moto mdogo. Pwani wana nazi; huku karanga zinatosha.

Halafu chai. Mufindi na Rungwe ndiko kwenye mashamba ya chai, na hatutaki kuwaharibia watu biashara. Lakini chai ya majani ikinywewa pamoja na mlo inazuia mwili kuchukua madini chuma yaliyo kwenye maharage na mboga. Inywe saa moja au mbili baadaye. Wakati wa kula, weka chungwa, papai au pera pembeni. Vitamini C yake inasaidia madini hayo kuingia mwilini.

Ukichoka ugali

Kande ni pishi la mvivu, na ni sifa. Mahindi na maharage yaliyolowekwa usiku yanaingia sufuria moja, unakaa karibu na moto huku ukifanya mengine, mwisho unaunga kwa kitunguu na nyanya. Mahindi mabichi yakiwepo, hayahitaji kulowekwa. Yapukuchue na uyatie maharage yakikaribia kuiva. Ukipata parachichi la Rungwe, kata nusu uweke juu ya kande la moto. Wengine watakucheka, waache wacheke.

Ndizi za kupika menya, kata, panga sufuriani, juu weka kitunguu, nyanya na maharage yaliyobaki jana, maji yafike nusu, funika mpaka zilainike. Viazi vivyo hivyo, na njegere. Kiazi chenye rangi ya kijani au kilichochipua, ondoa sehemu hiyo kwa kina. Kikiwa kijani chote, usipike.

Nyama si lazima kila siku. Dagaa wa Ziwa Nyasa au wa Mtera wanafanya kazi hiyo kwa bei ndogo, ilimradi uwaoshe mchanga: waloweke kwenye maji ya moto dakika chache, wachote kwa mkono bila kumimina, mchanga ubaki chini. Rudia mpaka maji yawe safi, kisha kaanga wakauke. Yai moja lililovurugwa kwenye nyanya linalisha watoto wawili.

Bakuli la mtoto

Hadi miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo mtoto anaanza kula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Wa miezi sita hadi minane ale mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, mara tatu au nne, na katikati ya hapo kitu kidogo kama ndizi mbivu au parachichi. Mpishi wa pili ndiye atakayewezesha zile mara nyingine.

Uji mwepesi unajaza tumbo maji. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kudondoka haraka. Akishindwa kuumeza, usiongeze maji: tumia kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue, ukaushe juani, usage. Uji mzito ukishaiva, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha unga huo na ukoroge. Ndani ya dakika chache unalegea wenyewe, wakati unga uliomo ni ule ule. Uchemshe tena kidogo kabla ya kumpa. Mwisho tia kijiko cha mafuta, karanga zilizosagwa laini, au maziwa yaliyochemshwa.

Ule unga wa lishe wenye nafaka saba unaouzwa kwa sifa nyingi, wataalamu wa lishe hawaushauri. Nafaka mbili zilizo safi, halafu kitu cha kutia nguvu kwenye uji, vinatosha. Maharage ya nyumbani yaliyopondwa na kuchujwa maganda, kabla hujatia pilipili, ni chakula kizuri cha mtoto. Dagaa waliotwangwa wakawa unga, vilevile. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, hata ukiwa mtamu wa asubuhi, si chakula chake.

Kiporo na jiko

Baridi ya Juni na Julai inawadanganya watu kwamba chakula hakiharibiki. Kilichobaki kipoe haraka, kifunikwe, na kesho kichemke kabisa mpaka katikati, siyo kupata uvuguvugu. Pasha mara moja tu, na kikinuka au kutoa povu, kimwage.

Baridi hiyo hiyo inaleta hatari nyingine. Ukimaliza kupika usiingize jiko la mkaa chumbani ili upate joto, hata makaa yakiwa yamefifia. Yanatoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Pikia nje au penye madirisha wazi, na jiko lilale nje. Mtu akiumwa kichwa ghafla, akapata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe kwanza kwenye hewa safi, kisha mpeleke kituo cha afya kilicho karibu.