Mtumiaji Akirudi Nyuma, Afikie Wapi?

Kabla hujafungua Android Studio, chukua karatasi. Chora skrini zako, kisha chini ya kila moja jibu swali hili: mtumiaji akirudi nyuma kutoka hapa, anafika wapi? Kama unasitasita, usianze kuandika msimbo. Mipito mingi mibovu huanzia hapo.

Tutumie mfano wa programu ya daftari la madeni la duka. Ina orodha ya wateja. Ukigusa jina unaingia kwa Mteja, ukitaka kulipia deni unafungua Malipo, na malipo yakipita unapewa Risiti. Skrini nne tu, kila moja ikiwa fragmenti, ila ya mwisho ina mtego. Kutoka Risiti mtu asirudishwe Malipo. Akiiona fomu ileile tena atadhani hela haijaenda, na atalipa mara ya pili. Arudi kwa Mteja. Liandike hilo kwenye karatasi yako.

Sasa elewa jambo moja, maana ndilo linalowasumbua wengi. Rundo la kurudi halitunzi skrini, linatunza mabadiliko. Ukiita `addToBackStack`, FragmentManager inaandika ulichofanya: "nimemtoa Mteja, nimeweka Malipo." Mtumiaji akirudi nyuma, inatengua kitendo hicho, basi.

Tuseme basi kwamba kutoka Malipo kwenda Risiti umetumia `replace` bila `addToBackStack`, ukiamini Malipo imefutika njiani. Mtumiaji akirudi nyuma, badiliko la juu kwenye rundo ni lile la Mteja na Malipo. FragmentManager inalitengua: inamrudisha Mteja na kutafuta Malipo iiondoe. Risiti haimo katika kumbukumbu hiyo, kwa hiyo haiguswi. Matokeo yake skrini mbili zinapandana, maandishi juu ya maandishi. Ukiona picha hiyo kwenye simu ya mteja, usihangaike na rangi ya mandhari. Tafuta `replace` iliyokosa mwenzake.

Dawa yake ni kuyapa mabadiliko yako majina. Unapofungua Malipo, andika hivi:

```
parentFragmentManager.commit {
    setReorderingAllowed(true)
    replace<MalipoFragment>(R.id.chombo)
    addToBackStack("fungua_malipo")
}
```

Malipo yakipita, tengua kwanza badiliko hilo kwa jina lake, ndipo uweke Risiti:

```
parentFragmentManager.popBackStack(
    "fungua_malipo",
    FragmentManager.POP_BACK_STACK_INCLUSIVE
)
parentFragmentManager.commit {
    setReorderingAllowed(true)
    replace<RisitiFragment>(R.id.chombo)
    addToBackStack("fungua_risiti")
}
```

Sasa kutoka Risiti mtu anarudi kwa Mteja, kama ulivyochora. Usiisahau `setReorderingAllowed(true)` mahali popote. Ndiyo inayoziunganisha hatua hizo mbili, ili Mteja asichomoze kwa nukta moja kabla ya Risiti kuonekana.

Ukitumia Navigation Component, kazi hiyo inakuwa mistari miwili kwenye grafu. Kwenye njia ya kutoka Malipo kwenda Risiti, weka `popUpTo` ielekee Malipo, na `popUpToInclusive` iwe `true`. Kwa mradi mpya wenye fragmenti, mimi ningeanza na Navigation bila kufikiria mara mbili. Kwa mradi wa zamani uliojaa FragmentManager, usichanganye vyote viwili kwenye chombo kimoja. Hamisha sehemu moja nzima, kisha nyingine.

Chombo chenyewe kiwe `FragmentContainerView`, si `FrameLayout`. Sababu utaiona kwenye mipito: FrameLayout inaweza kuipanga skrini inayotoka juu ya inayoingia, na mpito ukaonekana umevurugika. FragmentContainerView inajua nani akae juu.

Fragmenti ya kwanza iweke ndani ya `if (savedInstanceState == null)`. Mtumiaji akilaza simu, aktiviti inaundwa upya, na mfumo wenyewe unarudisha fragmenti zilizokuwapo. Usipoweka sharti hilo, unaongeza nyingine juu yake kila simu inapolazwa.

Data ya kuanzia, kama namba ya mteja, ipitishe kwenye `arguments`, usiiweke kwenye konstrakta. Mfumo ukiiunda fragmenti upya hutafuta konstrakta tupu. Isipokuwepo, programu inajifunga.

Na kumbuka kwamba baada ya `replace` yenye `addToBackStack`, fragmenti ya chini inabaki hai lakini mwonekano wake unaharibiwa. Kwa hiyo `binding` yako iwe `null` kwenye `onDestroyView`, na LiveData zako zitazame kwa `viewLifecycleOwner`, si kwa `this`. Ukitumia `this`, kila mtu anaporudi unaongeza msikilizaji mwingine, na siku moja utashangaa ujumbe mmoja ukitokea mara tatu.

Tuje kwenye mpito unaoonekana. `setCustomAnimations` inapokea vitu vinne kwa mpangilio huu: inayoingia, inayotoka, inayoingia wakati wa kurudi, inayotoka wakati wa kurudi. Wengi hujaza viwili vya kwanza, halafu wanashangaa kwa nini kurudi hakuna uhai. Jaza vyote vinne, na cha kurudi kiwe kinyume cha cha kwenda. Kama Malipo imeingia kutoka kulia, iondoke kuelekea kulia. Iite kabla ya `replace`. Ukiiita baada yake, badiliko hilo halitaipata.

Usirembe kupita kiasi. Milisekunde 200 hadi 300 zinatosha. Mwenye duka ana foleni mbele yake, hana haja ya skrini inayozunguka. Kwa skrini zinazofuatana hatua kwa hatua, `MaterialSharedAxis` inafaa. Kwa vichupo vya chini visivyo na undugu, tumia `MaterialFadeThrough`.

Vichupo hivyo navyo vina adabu yake. Tuseme tumeongeza kichupo cha Ripoti: mtu akiwa ndani kabisa ya kichupo cha Wateja, akaenda Ripoti na kurudi, amkute mteja wake palepale alipomwacha. Fragment kuanzia toleo 1.4.0 ina `saveBackStack` na `restoreBackStack` kwa kazi hiyo, na Navigation kuanzia 2.4.0 inakufanyia yenyewe ukiunganisha menyu ya chini kwa `setupWithNavController`. Ukiwa bado unaunda rundo lako mwenyewe kwa orodha na hesabu, acha. Umetumia jasho kwa kitu kilicho tayari.

Sasa kurudi kwenyewe. Kama una `override fun onBackPressed()` kwenye aktiviti yako, itoe. Imepitwa na wakati tangu Android 13, na programu inayolenga Android 16, yaani API 36, ikiwa kwenye simu ya Android 16 `onBackPressed` haiitwi tena kwa kawaida. Unaweza kuzima tabia hiyo mpya kwenye manifesti kwa muda, lakini huo ni mkopo, utaulipa.

Badala yake tumia `OnBackPressedCallback`, tena ndani ya fragmenti inayohusika. Mfano mzuri ni fomu ya Malipo yenye kiasi kilichoandikwa nusu:

```
val zuio = object : OnBackPressedCallback(false) {
    override fun handleOnBackPressed() {
        onyeshaOnyo()
    }
}
requireActivity().onBackPressedDispatcher
    .addCallback(viewLifecycleOwner, zuio)
```

Tazama ile `false`. Zuio linaanza likiwa limelala. Mtumiaji akianza kuandika, weka `zuio.isEnabled = true`. Akifuta kila kitu, lilaze tena. Kwenye onyo, akikubali kuondoka, lilaze kisha uite `onBackPressedDispatcher.onBackPressed()` ili safari ya kawaida iendelee. Ukisahau kulilaza, onyo litamrudia bila kikomo, na utapata nyota moja kwenye Play Store kwa haki kabisa.

Kwa nini usiliache macho muda wote na kuweka `if` ndani yake? Kwa sababu siku hizi mfumo unataka kujua mapema. Mtu anapotelezesha kidole kutoka ukingoni, Android inaweza kumwonyesha anakokwenda kabla hajaachia. Zuio lililo macho linaiambia Android kwamba programu itaamua yenyewe, basi onyesho hilo halitokei. Kama unalenga toleo la chini ya API 36, washa tabia hiyo kwa `android:enableOnBackInvokedCallback="true"`. Kwa fragmenti, tumia toleo 1.7.0 au jipya zaidi, na mipito yako iwe ya Animator au AndroidX Transition. Faili za zamani za folda ya `anim` hazitafuata kidole cha mtumiaji, kwa hiyo ziandike upya kwenye `animator`.

Mazuio yakiwa mengi, lililoongezwa mwisho na lililo macho ndilo linaloitwa, peke yake. Kama zuio la aktiviti linaonekana kama halisikii, tafuta la fragmenti lililoachwa macho.

Usikichanganye kitufe cha kurudi na mshale wa juu ya skrini. Mshale ule haumtoi mtu nje ya programu hata siku moja, na kwenye skrini ya kwanza haupaswi kuwepo kabisa.

Kuna kosa moja ninaloliheshimu kwa sababu linajificha vizuri. Mtumiaji anabonyeza Lipa, anatoka kwenda kusoma SMS ya uthibitisho, na jibu la seva linafika wakati programu iko nyuma. Msimbo wako unaita `commit`, na hapo hapo inatokea `IllegalStateException`, kwamba hali imeshahifadhiwa. Wengi hukimbilia `commitAllowingStateLoss`. Kwa malipo usifanye hivyo, maana Risiti inaweza kupotea kimyakimya. Weka jibu kwenye ViewModel, na fragmenti iitazame kwa `viewLifecycleOwner`. LiveData itasubiri hadi mtumiaji arudi, ndipo uhamie Risiti. Ukishahama, futa jibu hilo ili lisimrushe mtu Risiti tena anapofungua malipo mengine.

Ukitaka kurudisha kitu kidogo kwa skrini iliyotangulia, mathalani mteja aliyechaguliwa, tumia `setFragmentResult` kisha `popBackStack`. Usishike fragmenti nyingine mkononi ukaiita moja kwa moja, kwani inaweza kuwa imeshakufa na kuzaliwa upya.

Mwisho jaribu, na ujaribu kwa ukali. Nenda Chaguo za wasanidi programu, washa Usihifadhi shughuli. Pita skrini zote nne, toka kwenda skrini ya mwanzo ya simu, rudi, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Laza simu ukiwa Risiti. Gusa Lipa mara mbili haraka, kwa sababu wateja hufanya hivyo, na kwa Navigation mguso wa pili unaweza kuiangusha programu kwa kutafuta njia ambayo skrini ya sasa haina. Zima kitufe mara tu kinapoguswa.

Kisha rudi kwenye karatasi yako na ulinganishe kila jibu na simu inavyofanya. Pasipolingana, rekebisha msimbo, usibadilishe karatasi. Na kama leo una nusu saa tu, anza na `onBackPressed`: itafute kwenye mradi mzima, hamishia kila iliyobaki kwenye fragmenti yake, uifute.