Fidia Haikufuati Nyumbani, Mdogo Wangu

Wadogo zangu wa Tukuyu, wa Kiwira na Katumba hadi kule Masoko, sogeeni. Kuna swali mnaloliuliza kwa kunong'ona: aliyeniumiza amefungwa, mbona mimi sijapata hata ya dawa?

Usione aibu kuuliza. Kesi imeandikwa Jamhuri dhidi ya fulani, jina lako halipo. Unaitwa shahidi, unasema yako, unarudi kwenye benchi. Umepigwa wewe, umebakwa wewe, halafu unakuwa kama mgeni kwenye msiba wako. Ndiyo maana wengi wakishatoa ushahidi hupanda gari wakarudi nyumbani, wakidhani yamekwisha.

Hayajaisha, mdogo wangu. Tangu mwaka 2000 Katiba yetu, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitoe fidia ipasavyo kwa walioathirika na makosa ya wengine. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kuamuru fidia, na kwenye ubakaji hilo si hisani yake: akimtia mtu hatiani, lazima aamuru alipe.

Lakini hakimu atapimaje hasara asiyoiona? Mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya dawa, nauli ya kwenda hospitali ya Igogwe au ile ya rufaa Mbeya, siku ulizoshindwa kuchuma chai, andika zote. Fomu ya PF3, ile unayopewa polisi uende nayo hospitali, usiichezee, ingawa damu ikiwa inakutoka, kimbilia matibabu kwanza. Na aliyebakwa asioge wala kufua nguo. Afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Halafu kabla adhabu haijasomwa, mfuate mwendesha mashtaka, mwambie waziwazi: naomba uniombee fidia. Ukiwa Mahakama ya Mwanzo, mlalamikaji ni wewe, basi simama useme mwenyewe.

Sasa hapa nitakugombeza kidogo, maana nakupenda. Mnakubali mno kumalizana nyumbani. Wazee wanakaa, ng'ombe anatajwa, unaambiwa usiaibishe ukoo. Nani anampokea huyo ng'ombe? Baba, au mjomba. Binti anabaki na maumivu yake, na kila akienda sokoni anakutana na yule yule aliyemtenda. Ubakaji adhabu yake kwa kawaida haipungui miaka 30 jela; si jambo la kupatanishwa juu ya mkeka. Nawaheshimu wazee wetu, ila hapa hapana. Usipotokea kutoa ushahidi, kesi inakufa, na fidia inakufa nayo. Mficha uchi hazai.

Haya, hakimu ameamuru fidia. Wengi hukaa wakisubiri kuitwa. Hakuna atakayekuita! Omba nakala ya hukumu, kisha uombe mahakama ikazie hukumu, mali ya mkosaji ikamatwe. Kama amekata rufaa itabidi usubiri, na kama hana hata shamba, sitakudanganya, utahangaika. Hilo linaniumiza sana. Sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu iliweka mfuko wa kuwasaidia waathirika wake; aliyekatwa panga na aliyebakwa nao wanastahili mfuko kama huo, na wabunge wetu tuwaambie hivyo wakija kuomba kura.

Kwa sasa usiende peke yako. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, halmashauri kuna maafisa ustawi wa jamii, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaomsaidia asiye na uwezo bila kumtoza. Waulize namna ya kuandika hayo maombi.

Na wewe ambaye amri yako ya fidia imelala kwenye jalada, kesho panda gari uende masjala ya mahakama iliyotoa hukumu, utaje namba ya kesi, uombe nakala yako. Nimesema kesho, mdogo wangu, si baada ya kuvuna viazi.