Changa na ya Kutolea

Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikapita vijijini na kuingia mji mdogo wa Katesh, mkoani Manyara. Waliofariki walifika 89. Kabla siku haijaisha simu za nchi nzima zilikuwa zimejaa video za Katesh, na haukupita muda zikaanza kujaa namba za kuchangia. Hapo kila mwenye kuguswa hubanwa na maswali yaleyale: nitoe nini, nimpe nani, na kitafika kiasi gani?

Jibu langu fupi ni hili: toa pesa, mpe mtu au chombo ulichokihakiki, na usizitoe zote kwa mkupuo mmoja. Maelezo yake ni marefu kidogo.

Tunapotumiana pesa kwa simu hukumbushana: "Tuma na ya kutolea." Ukituma shilingi 50,000 bila ya kutolea, mwenzako hashiki 50,000. Mchango wa maafa nao una ya kutolea, ila yenyewe haionekani kwenye menyu ya simu. Kiroba cha nguo kinachotoka Mbagala kwenda Katesh kinadai nafasi kwenye lori, kibarua wa kupakia na wa kushusha, stoo isiyovuja, mtu wa kuchambua na mtu wa kuandika kwenye daftari. Usipovilipia wewe, atavilipia mwingine, na mara nyingi mwingine huyo ni kamati ya maafa ya wilaya, ambayo siku hizo ina watu wa kuzika na watoto wa kutafutia wazazi wao.

Pesa ndiyo yenye ya kutolea ndogo kuliko vyote. Tena inanunua karibu. Katesh ipo kwenye barabara ya Babati na Singida, na miji yote miwili ina maduka ya jumla ya unga, mchele, ndoo na magodoro. Godoro lililonunuliwa Dar es Salaam likapandishwa lori hadi Manyara ni hewa iliyosafirishwa kwa gharama. Likinunuliwa Babati linafika siku hiyohiyo, na mauzo yanabaki kwa wafanyabiashara wa mkoa uleule uliopigwa.

Maji ndiyo mfano ninaoupenda, kwa kuwa hesabu yake haihitaji mtaalamu. Kipimo kinachotumiwa na watoa misaada duniani ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi. Lori lenye tani kumi za maji ya chupa limebeba lita 10,000, ambazo watu wasiofika 700 watazimaliza kwa siku moja, zibaki chupa tupu za kuokota. Kidonge kimoja cha kutibu maji, vile vya kawaida vya dukani, hutosha ndoo ya lita 20. Vidonge 500 vinatibu lita hizohizo 10,000, mradi maji yachujwe kwanza, na vinaingia kwenye mkoba wa begani. Ukitaka kutuma maji, basi, tuma vidonge na ndoo zenye mifuniko.

Dawa ndizo za kuogopa zaidi. Baada ya tetemeko la Armenia la Desemba 1988 zilipelekwa huko tani zisizopungua 5,000 za dawa na vifaa tiba. Watu 50 walifanya kazi miezi sita ndipo wakajua wana nini ghalani. Lebo zilikuwa za lugha 21, na asilimia 8 ya dawa zilifika zikiwa zimekwisha muda wake. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaosema, pamoja na mengine, kwamba dawa iliyokwisha kutolewa kwa mgonjwa isigeuzwe msaada, na kwamba dawa ikifika iwe imebakiza walau mwaka mmoja. Kwa hiyo ile nusu karatasi ya Amoxicillin iliyobaki kwenye droo iache ilipo. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga nayo usiyapeleke kwa hiari yako. Pasipo maji safi wala mahali pa kuchemshia chupa, maziwa hayo huharisha, na mama aliyekuwa ananyonyesha huacha. Yakihitajika, wahudumu wa afya watasema.

Kama unataka kutoa kitu kinachotoka mwilini mwako, nenda kituo cha Damu Salama. Usikimbilie siku ile ya kwanza tu wakati foleni imejaa. Chupa ya damu nzima haikai zaidi ya siku 35 au hivyo, na waliovunjika mifupa hufanyiwa upasuaji hata wiki kadhaa baadaye. Mwanaume anaweza kurudia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne.

Sasa, umpe nani? Septemba 10, 2016 tetemeko liliitikisa Kagera na kubomoa nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vya jirani. Serikali ikafungua akaunti ya kupokea michango iliyoitwa Kamati Maafa Kagera. Mwezi haukuisha, Ikulu ikatangaza kwamba maofisa wawili wa ngazi ya juu mkoani humo wametumbuliwa, wakidaiwa kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na lile. Tuhuma hizo ziliwafikisha mahakamani. Nawakumbusha hili wote wanaoniambia kwamba wao hutazama jina la akaunti na kuridhika. Jina halitoshi. Linganisha tarakimu za namba, moja baada ya nyingine, na tangazo lililotoka kwenye ukurasa rasmi wa Ofisi ya Waziri Mkuu, mkoa, au Chama cha Msalaba Mwekundu. Tangazo ulilosambaziwa na shemeji kwenye kundi la familia si tangazo rasmi, hata kama lina nembo ya taifa, kwa kuwa nembo siku hizi kila mwenye simu anaweza kuibandika.

Kwenye simu kuna kinga moja ya bure ambayo watu huipita kwa haraka: kabla hujaweka namba ya siri, mtandao hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome. Kama tangazo lilisema Msalaba Mwekundu na simu inaonyesha jina la mtu binafsi, ghairi. Waliokuwa wakituandikia "ile pesa tuma kwenye namba hii" hawajaenda likizo kwa sababu mlima umeporomoka, nao wanajua kuwa siku za maafa hata mtu mgumu hulegea. Ujumbe wa namna hiyo upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli wa mitandao ya simu Tanzania.

Soma pia pesa inakwenda kufanya nini. Baada ya Kagera ulizuka mjadala mkali, serikali ilipoeleza kwamba michango itaelekezwa kwenye miundombinu ya umma kama shule na hospitali, na kwamba haitamjengea kila mtu nyumba yake. Kujenga shule si kosa. Sekondari ya Ihungo ilikuwa imeharibika vibaya na ilibidi ijengwe. Lakini aliyetoa akimfikiria bibi kizee asiye na paa alikuwa na haki ya kujua mapema. Uliza kabla ya kubonyeza: hii ni ya chakula, makazi, au majengo ya umma? Msemaji anayejua kazi yake atakujibu kwa sentensi moja.

Ipo njia nyingine ambayo matangazo hayaitaji. Kwetu, wengi wanaopoteza nyumba hawalali kambini. Huenda kwa dada, kwa mjomba, kwa jirani wa kijiji cha pili. Nyumba iliyokuwa na watu watano sasa ina kumi na wawili, unga wa mwezi unaisha kwa wiki moja na nusu, na jina la mwenye nyumba halimo kwenye orodha yoyote, maana tope halikumgusa. Kama unamfahamu mtu wa namna hiyo, mtumie moja kwa moja, na ya kutolea. Mchango wako hautatangazwa popote, ila nauona wenye nguvu kuliko mingi inayotangazwa.

Mkichangishana ofisini, kwenye kikoba au kwenye jumuiya, wekeni mambo machache wazi tangu mwanzo. Namba ya kupokelea iwe moja, na wanaosimamia wawe wawili. Orodha ya majina na kiasi ipandishwe kila jioni. Anayetaka kufichwa aandikwe "msamaria", lakini kiasi kionekane. Siku ya kufunga itajwe, kisha pesa zitumwe kwa pamoja, kwa kuwa miamala 40 ya shilingi 5,000 hukatwa makato mara 40. Stakabadhi ipigwe picha iwekwe kundini. Walio Muscat au Minneapolis ndio wanaohitaji zaidi kujikusanya hivi, kwani ada ya kutuma kutoka nje hummeza mwenye kidogo. Na mwenye kidogo asione haya. Mwaka 2011, ukame ulipoikaba Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga shilingi za Kenya milioni 500 kwa mwezi mmoja, ikavuka lengo, na wengi waliochangia kwa simu walituma vijisenti.

Najua wapo ambao pamoja na haya yote watatoa vitu, na siwalaumu. Mama aliyefungua kabati akatoa kitenge chake ameguswa kuliko aliyebonyeza simu. Basi atoe vizuri. Mpigie kwanza mtu wa huko, mtendaji wa kata au kiongozi wa dini, umuulize kinachokosekana leo. Orodha ya Jumatatu Alhamisi imeshapitwa. Khanga na vitenge havikosei: huvaliwa, hufunika, hubeba mtoto. Nguo nyingine zifuliwe, zikaushwe vizuri, zifungwe kwa makundi, na nje ya kiroba uandike kwa maka pen: "Wasichana, miaka 5 hadi 8." Viatu vifungwe kamba viwili viwili, kiatu cha kulia kilichopotezana na cha kushoto ni taka. Nguo za ndani ziwe mpya. Taulo za kike ziwe nyingi, maana wanaume wanaopanga lori huzisahau. Maharage ni chakula kizuri, lakini yanataka saa nyingi motoni, na kuni za wiki ya mafuriko zimelowa. Mchele, sembe, dagaa na mafuta ya kula vinaiva upesi. Kisha fungasha na bahasha ya nauli.

Kwenye kukabidhi, acheni kuwapanga watu mbele ya bango wakishika kilo ya sukari. Anayeipokea amezika juzi. Piga picha ya mzigo na ya stakabadhi, inatosha kwa wachangaji wenu.

Imebaki habari ya kutokutoa zote kwa mkupuo. Wiki ya kwanza malori hupishana. Mwezi wa pili barabara ni nyeupe. Tope la Hanang lilishuka Desemba, na Januari shule zikafunguliwa, watoto wakihitaji sare, viatu na madaftari kama watoto wa kwingine kote. Nyumba zaidi ya 100 zilizojengwa kwa ajili ya waathirika zilikabidhiwa mwishoni mwa 2024, yaani mwaka mzima ulipita kati ya tope na ufunguo. Ndani ya mwaka huo watu walikula, waliugua, walilima, walipanga vyumba. Hivyo kama una 40,000, tuma 20,000 leo na 20,000 uiweke, uandike kikumbusho kwenye simu cha miezi mitatu mbele. Siku hiyo piga tena kwa yule mtendaji. Huenda akakutajia jambo ambalo halikuwahi kuingia kwenye tangazo lolote, kama nauli ya mzee anayefuatilia namba yake ya kitambulisho cha taifa baada ya kadi kuzama topeni, maana bila namba hiyo hawezi kusajili laini ya simu, na bila laini hawezi kutumiwa hata shilingi.