Mdogo wangu fizio, tafuta msimamizi kwanza, timu baadaye

Mdogo wangu wa Kaisho, Kyerwa, ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Umemaliza shahada ya fiziotherapia, utarajali umeisha, na sasa uko nyumbani unasubiri ajira za serikali zitangazwe. Timu moja ya mpira imekupigia simu uende ukawe "dokta" wao, posho utapewa siku za mechi. Unaniuliza ukubali, au uende tena mwaka mzima kujifunza tiba ya michezo chini ya mtu mwingine, wakati Mzee ameuza kahawa msimu baada ya msimu ili usome na wadogo zako bado wanadaiwa michango ya shule.

Nenda ukajifunze. Ila uwe mwaka wa kusimamiwa kweli, maana kuna mwaka mwingine unaofanana nao kwa nje ambao utakupotezea muda, na nitakueleza namna ya kuutambua.

Utarajali umekupa mengi. Umehudumia waliopooza kwa kiharusi, majeruhi wa bodaboda, watoto wenye mtindio wa ubongo, wazee wa maumivu ya mgongo. Lakini wodini mgonjwa anakufikia na faili, eksirei imeshapigwa, daktari ameshaandika. Uwanjani unampata akiwa bado anagaagaa chini.

Chukua mechi ya kombe la mbuzi, Jumapili jioni. Kijana ameteguka enka. Kocha anataka jibu moja tu kutoka kwako: anaendelea au anatoka? Mashabiki wameshaingia hadi kwenye mstari. Tulichozoea ni ndoo ya maji baridi, dawa ya kupuliza, kitambaa cha kufungia, kisha "simama wewe, mwanaume gani". Fizio aliyefundwa anapiga magoti na kubonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa mfupa, sentimita 6 za mwisho hadi ncha ya kifundo, nje na ndani. Anashuka kwenye mfupa wa ubavuni mwa mguu, ule unaoelekea kidole kidogo, halafu ule ulioinuka upande wa ndani, mbele ya kifundo. Kisha anamwambia kijana atembee hatua 4. Maumivu kwenye mojawapo ya mifupa hiyo, au hatua 4 zikimshinda, apelekwe eksirei.

Utaratibu huo uliandikwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, kwa ajili ya vyumba vya dharura vya hospitali kubwa. Kwa maoni yangu unafaa zaidi Kaisho kuliko huko Kanada. Kwenu kumpeleka mtu eksirei ni kutafuta gari, kukusanya nauli, na kuamua kama ni hospitali ya Isingiro au mpaka ile ya Nyakahanga. Ukijua nani lazima aende jioni hiyohiyo na nani anaweza kulala nyumbani, umeokoa mguu wa mmoja na pesa ya mwingine. Najua umesoma haya darasani. Kuyafanya huku kocha anakufokea ni jambo lingine, na hilo unalipata kwa mtu anayesimama nyuma yako, anakuacha ubonyeze, halafu anakwambia umekosea mfupa.

Kuna la pili, zito zaidi. Watu wa Kagera wanalikumbuka. Tarehe 4 Desemba 2016, kwenye uwanja wa Kaitaba pale Bukoba, kijana wa Mbao FC, Ismail Mrisho Khalfan, alifunga bao dhidi ya Mwadui katika ligi ya vijana wa chini ya miaka 20. Muda mfupi baadaye alianguka, na akafariki. Mungu amrehemu. Simnyooshei mtu kidole, na si kila anayeanguka hivyo huokoka hata akiwa mikononi mwa mabingwa. Lakini Machi 2012, jijini London, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka katikati ya mechi, moyo wake ukakaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na yuko hai mpaka leo. Walianza kumkandamiza kifua palepale kwenye nyasi, mashine ya kushtua moyo ikaletwa, na njia nzima hawakuacha.

Kukandamiza kifua cha mtu mzima kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ni kazi inayomchosha mtu mwenye nguvu ndani ya dakika chache. Haifai ujifunze siku ya tukio. Fanya mazoezi kwenye mdoli mpaka mikono izoee, mbele ya mtu anayehesabu na kukurekebisha. Kama mahali unapokwenda kujifunza hawana mazoezi hayo, waulize kwa nini.

Sasa nikwambie wenzetu wanafanyaje. Marekani kazi hii ya tiba ya michezo ina kada yake kamili, na chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1950. Tangu 2022 vyuo vyao haviandikishi tena wanafunzi wapya kwa shahada ya kwanza. Anayetaka kuingia kwenye kada hiyo lazima asome uzamili. Hata baada ya uzamili na leseni, anayetaka kubobea anaweza kuingia kwenye mafunzo ya vitendo yasiyopungua miezi 12 katika eneo moja: mifupa, vijana na watoto, huduma za dharura, au kumrejesha mchezaji aliyeumia. Mafunzo hayo hukaguliwa na chombo chao cha ithibati. Hawa ni watu wenye vifaa vyote, na bado wanaona leseni pekee haitoshi kwa anayetaka kuzama.

Hapa nyumbani njia hiyo utaijenga mwenyewe, na inajengeka. Asubuhi uwe hospitali yenye idara ya fiziotherapia na madaktari bingwa wa mifupa. Kuna Bugando pale Mwanza, KCMC Moshi, Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kwa mtoto wa Kyerwa mimi ningeanza na Bugando, nauli inavumilika. Jioni uwe na timu, iwe ya mtaa au ya shule, mazoezi na mechi. Usiku usome. FIFA ilianzisha mwaka 2016 stashahada ya tiba ya soka inayosomwa bure mtandaoni. Inataka uvumilivu na bando. Na uyajue kwa mwili wako mazoezi ya kupasha misuli yaitwayo FIFA 11+, ni 15, yanachukua kama dakika 20. Tafiti zilionyesha majeraha kupungua kwa theluthi au zaidi kwenye timu zilizoyafanya bila kuruka. Hayahitaji kifaa zaidi ya mpira na nafasi. Unaweza kuyapeleka hata kwenye kambi ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA.

Hapa nisikilize vizuri. Ule mwaka wa kukupotezea muda unaitwa kujitolea. Unafika, unakabidhiwa foleni ya wagonjwa wa mgongo tangu asubuhi hadi jioni, hakuna anayekutazama, na ukimaliza unapewa barua ya shukrani. Kwa hiyo kabla hujakubali, uliza na majibu yaandikwe. Msimamizi wangu ni nani, kwa jina? Kwa wiki tutakaa wawili saa ngapi kujadili wagonjwa? Ikifika mwezi wa tatu nitapimwa kwa nini? Nauli na chakula ni juu ya nani? Ukijibiwa "utajifunza humohumo", shukuru kwa heshima, uondoke.

Timu iliyokupigia usiikatae kwa ukali. Waambie utawahudumia siku za mechi ukiwa karibu, kwa masharti. Ukisema mchezaji atoke, anatoka. Aliyegongwa kichwa na ukashuku ubongo umetikisika harudi uwanjani siku hiyo, hata kama ndiye mfungaji wao. Liwepo gari na dereva anayejulikana kabla ya filimbi ya kwanza. Na kwa kuwa wewe ni binti kwenye timu ya wanaume, usimhudumie mchezaji chumbani peke yenu. Mlango wazi, na mtu mzima mwingine awepo. Timu ikikukatalia hayo, inatafuta mtu wa kubeba ndoo.

Kuhusu Mzee, kaa naye uzungumze kwa lugha anayoielewa. Mwambie mwaka unaanza lini, unaisha mwezi gani, na utahitaji kiasi gani kila mwezi. Kinachomchosha mzazi ni kutojua mwisho. Na kama nyumbani kweli hali hairuhusu, chukua kazi yenye mshahara, Kayanga au Bukoba, lakini chagua mahali penye fizio aliyekutangulia hata kama mshahara ni mdogo kidogo kuliko kule ambako utakuwa peke yako. Pesa ya kuwa peke yako mapema utaijutia.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 wamepewa Tanzania, Kenya na Uganda. Watu watahitajika, na watakaoitwa ni wale wenye mtu wa kuwasemea kazi yao.

Basi wiki hii andika barua mbili, moja kwa mkuu wa idara ya fiziotherapia huko Bugando, nyingine kwa viongozi wa timu. Wakikujibu, nitumie majibu tuyasome pamoja kabla hujasaini chochote.