Usingizi na kitabu kando ya kitanda

Je, msomaji, jana usiku ulilala saa ngapi? Sikuulizi ulipanda kitandani saa ngapi, bali usingizi ulikuchukua saa ngapi. Wagonjwa wengi ninaowahudumia huyachanganya mambo haya mawili.

Mapema mwaka huu alinijia karani mmoja wa hapa Nairobi, akilalamikia maumivu ya kichwa na uchovu. Alitaka tembe za usingizi. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa 152 juu ya 96. Nikamwuliza hujiburudisha vipi jioni. Akanijibu kwamba yeye hupumzika tu na simu: video fupi fupi, siasa, kisha matokeo ya mechi alizowekea pesa. Saa saba usiku angali macho. Aliamini kwamba maadamu amelala chali, anapumzika.

Sivyo. Mtu anapolala, shinikizo la damu kwa kawaida hushuka na moyo hupunguza mwendo. Lakini kila habari ya kushtua, na kila bao linalosubiriwa kwa hamu ya pesa, huuchochea moyo kana kwamba mwenyewe yuko uwanjani. Isitoshe, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini giza linapoingia, nao mwangaza wa skrini huichelewesha. Katika uchunguzi uliofanywa Boston, Marekani, na kuchapishwa Desemba 2014, watu 12 walisoma usiku, mara kwenye skrini, mara kitabu cha karatasi. Waliposoma kwenye skrini, walichukua takriban dakika 10 zaidi kupata usingizi, na asubuhi wakaamka wazito.

Dakika 10 si nyingi, nakubali. Kwa maoni yangu ubaya mkubwa wa simu si mwangaza wake bali ni kwamba haina mwisho. Kitabu kina sura. Sura ikiisha, unakifunga.

Tembe za usingizi sikumpa. Nilimwagiza aiache simu sebuleni kuanzia saa tatu usiku, kisha asome kurasa chache. Akacheka. Kitabu cha mwisho alichosoma, alisema, ni Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996, tena kwa sababu ya mtihani. Nikamwambia akisome upya, mara hii bila mtihani. Vitabu vikuukuu huuzwa kando ya barabara mjini, kwa hivyo bei isiwe kisingizio. Asiyependa kusoma anaweza kucheza bao au drafti ya vifuniko vya soda na jirani, mradi isiwe ya pesa. (Mimi sina subira ya bao, mke wangu hunishinda kila mara.)

Aliporudi baada ya wiki tatu, alikuwa akilala kabla ya saa tano. Riwaya yenyewe haijasonga mbele sana, kwa kuwa humdondoka mkononi. Dawa za shinikizo, nilizomwanzishia baada ya kumpima tena siku nyingine, bado anazimeza, na wewe usiziache zako eti kwa kuwa umenunua kitabu. Kamari pia hajaiacha kabisa. Hiyo tunaendelea kuizungumzia.

Ukikosa usingizi angalau mara tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, au ukiambiwa kwamba hukoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini, nenda ukamwone daktari.