Somo la ufundi: Sakafu isiyotoa vumbi wala harufu kali

Wanafunzi wenzetu, tunafagia chumba asubuhi, na saa sita vumbi nyeupe iko tena juu ya meza. Wengi wanafikiri inatoka njiani. Lakini mara nyingi inatoka katika sakafu yenyewe. Fundi akitia maji mengi katika simenti, au jua likiikausha mbio, uso wa betoni unabaki mlegevu, na miguu yetu inausaga kila siku. Unga huu wa mchanga, mtu akiuvuta miaka mingi, unaumiza mapafu.

Dawa za kupakaa ziko namna mbili.

Ya kwanza imechanganywa na mafuta ya kuyeyushia rangi. Inang'aa sana, lakini ikikauka, mafuta yale yanaruka hewani: kichwa kinauma, macho yanawasha, hata moto unaweza kushika. Ndiyo sababu Ulaya iliweka sheria mwaka 2004 kupunguza mvuke huu katika rangi na vanishi.

Ya pili imechanganywa na maji. Mfano ni silikati ya sodiumu, au maji ya kioo, inayopikwa kwa mchanga na soda. Mjerumani Johann Nepomuk von Fuchs aliitengeneza mwaka 1818. Inaingia katika matundu madogo ya betoni, inakutana na chokaa iliyobaki ndani ya simenti, na pamoja vinakuwa kitu kigumu. Vumbi inapungua, na hakuna mvuke wa mafuta.

Namna ya kufanya:

1. Betoni ikiwa mpya, tungoje siku 28.
2. Tuoshe sakafu vizuri na kuiacha ikauke, halafu tudondoshe maji kidogo. Yakinywewa, iko tayari. Yakibaki juu, kungali mafuta au nta.
3. Tuvae mifuko ya mikono na miwani, maana dawa hii inachoma ngozi na macho. Madirisha yawe wazi.
4. Tupakae kwa brosi, sakafu ibaki na maji-maji karibu dakika 30, halafu tuoshe dawa iliyozidi. Tukiiacha, italeta madoa meupe.

Tusidanganyike: dawa hii haizibi nyufa, wala haikatazi mawese kuingia. Sakafu iliyobomoka inaomba fundi na simenti mpya, si dawa.

Maulizo:
a) Vumbi ya sakafu inatoka wapi?
b) Silikati inakutana na nini ndani ya betoni?
c) Katika chumba cha kulala wanafunzi, tuchague dawa gani, na sababu gani?